Rimiksi ya Binamu wa Kampala

Jumatatu, 14 mwezi wa kumi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: binamu wa Kampala hayupo. Ni mimi.

Leo tena nilipita kwa Trésor baada ya shule, kadi memori ndani ya kisanduku cha kompasi. Kibanda chake, hapa Kisangani, kiko pembeni ya kituo cha toleka, zile baiskeli za kubeba watu. Kazi yake ni kujaza nyimbo kwenye simu na flashi. Nikampa kadi. Nikasema binamu ametuma. Ndivyo ninavyosema kila mara.

Ilianza kwa aibu. Siku ya kwanza aliniuliza nani ananitafutia miksi kali namna ile. Nikasema binamu. Akauliza wa wapi. Nikasema Kampala. Binamu niliye naye yuko Butembo na anauza misumari.

Ninazitafuta mwenyewe. Papa akiwa nyuma na magunia yake ya maharagwe, mimi nakaa kwenye kaunta na mtandao wa duka. Kitabu cha fizikia kiko wazi mbele yangu. Wiki hii nimepata amapiano moja ya Johannesburg ambayo besi inakawia kuingia hadi unataka kulia. Na singeli ya Dar ambayo mtu ameirimiksi ikakimbia mpaka nikacheka peke yangu. Papa aliuliza ni nini kinachochekesha kwenye fizikia.

Trésor alisikiliza na kaske zake kubwa masikioni, amefumba macho. "Masika, huyu binamu yako ni mutu kweli. Eko na photo?"

Nilisema hapendi picha. Nikaondoka haraka.

Alhamisi, 17 mwezi wa kumi

Shule yetu haina kengele. Ina lokole: gogo lililotobolewa ndani, lenye mdomo mwembamba juu. Papa Lifoli, mlinzi wetu, analipiga kwa fimbo mbili. Mapigo machache kwa mapumziko, mengi kwa kurudi nyumbani. Ni mtu wa mtoni, wa kule Yanonge. Hasemi sana. Anafagia sana.

Ila kuna kitu ambacho nadhani nakijua mimi tu. Wanafunzi wakiisha kwenda na mimi nikibaki kwenye chumba cha vitabu, Papa Lifoli hupiga tena. Polepole. Sauti ya juu, za chini mbili, ya juu tena, halafu kipande kirefu kinachoteremka. Maneno yale yale kila siku. Nasema maneno, lakini siyo. Ni mapigo. Mimi ni Mnande, kwetu ni Butembo, lokole siielewi.

Leo nilirekodi kutoka dirishani. Sikumwomba. Hata kumsalimu ninaona haya, sembuse kumwomba.

Jumamosi, 19 mwezi wa kumi

Siku nzima kitandani na simu. Mama alifikiri nina malaria.

Nimetengeneza kitu changu. Mara ya kwanza. Siku zote nilikuwa napeleka vya wengine.

Lokole ina sauti mbili, nene na nyembamba, kwa hiyo tayari ni wimbo. Nilizama kwenye kazi hiyo kama mtu anayetafuna muwa. Nikaweka besi chini yake. Nikaongeza mlio wa mchanga wa kutikisa, kidogo tu. Kile kipande kirefu cha mwisho kilinisumbua. Hakikukaa kwenye mapigo, kila mara kilitoka nje kama mguu kwenye blanketi fupi. Nikakikata. Mwanzo wake peke yake unazunguka vizuri, unaita, unaita, hauchoshi.

Nimeipa jina "Saa ya Kutoka". Nimeisikiliza hadi betri ikazima. Ni nzuri. Nimeandika hivyo hapa kwa sababu hapa hakuna atakayenicheka.

Jumatatu, 21 mwezi wa kumi

Nikampa Trésor. Binamu ametuma.

Alikuwa anajazia mteja nyimbo. Akaacha. Mteja akalalamika. Trésor akamwonyesha kiganja, subiri. Akasikiliza hadi mwisho, akarudia. Halafu akavua kaske na kuniangalia.

"Bon. Kampala beko na lokole?"

Nilisema sijui. Nikasema nina jaribio. Nilikimbia kweli, kwa miguu, na mkoba ukinipiga mgongoni.

Mjinga mimi.

Jumatano, 30 mwezi wa kumi

Iko kila mahali.

Vijana wa toleka wamefunga spika ndogo kwenye usukani na wanaipiga kutoka mtaa wa Kabondo hadi sokoni. Trésor ameweka sauti yake mwanzoni, "Trésor Music, Kabondo, namba moja!", na wala hainiudhi. Jana baiskeli moja ilipita mbele ya nyumba wakati Mama anasonga fufu. Alisonga kwa mapigo yangu. Hakujua. Papa aliuliza hii ni kelele gani, na mguu wake chini ya meza ulikuwa unapiga.

Mteja wa Papa aliyepanda na baleinière, ile mashua ndefu ya mizigo, anasema hata Yanonge na Isangi wanaipiga bandarini. Wasafiri wanapeana kwa bluetooth juu ya magunia.

Nina furaha. Ninaogopa. Sijui kwa nini ninaogopa.

Leo toleka ilipita mbali kidogo na lango la shule ikiipiga. Papa Lifoli aliacha kufagia. Akasimama na ufagio mkononi, akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Kisha akakaa chini kwenye jiwe lake. Nilifikiri ameipenda.

Jumanne, 5 mwezi wa kumi na moja

Papa Lifoli hapigi tena ile ya kwake. Nimebaki kwenye chumba cha vitabu siku zote hizi na kusubiri. Kimya. Anafunga madirisha, anakwenda. Mapumziko anayapiga kwa kuchelewa, na mara moja alisahau kabisa. Amekonda.

Nilitaka kumuuliza kama ni mgonjwa. Nilifika mpaka karibu na ufagio wake. Nikasema, "Papa, chumba nimefunga." Basi.

Ijumaa, 8 mwezi wa kumi na moja

Lokole haikupigwa. Mwalimu wa zamu alipuliza filimbi ya michezo.

Papa Lifoli amefiwa. Mwanawe, Aimé. Sikujua kwamba ana mtoto. Ndugu zake wameingia jana kwa mtumbwi kutoka Yanonge, kundi zima, na matanga yameanza nyumbani kwake karibu na mto. Kesho darasa letu litakwenda kumpa pole.

Jumamosi, 9 mwezi wa kumi na moja

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Turubai, viti vya kukodi, wanawake kwenye mikeka. Hakuna sanduku. Hakuna picha ya marehemu. Papa Lifoli alikaa katikati na shati jeupe, mikono juu ya magoti. Darasa letu lilikaa nyuma. Mimi nyuma ya darasa.

Kisha mzee mmoja akauliza swali ambalo kila mtu analiuliza kwenye matanga: mtoto alikufa lini, na wapi. Ili waombe vizuri.

Papa Lifoli akamgeukia dada yake, mama mnene mwenye sauti, aliyeongoza wale wa Yanonge. "Wajibu hawa. Ni ninyi njo mulikuya na habari."

Yule shangazi akakunja uso. "Sisi? Ni weye ulituma! Ulipiga. Kule Yanonge, bandarini, tunasikia asubuhi, tunasikia mangaribi, jina ya Aimé, jina tu, jina tu. Nani anapiga jina ya mutu hivyo bila kuongeza neno, kama hakufa?"

"Mimi sikutuma kitu. Mimi nilisikia hapa barabarani. Nikasema, tayari, kuna mutu anatangaza mutoto wangu, batu banajua na mimi sijui. Halafu munatoka kwenye mutumbwi munalia."

Wakatazamana. Mtoto mdogo tu ndiye aliyeendelea kulia, na yeye kwa njaa.

Wakati ule ule, kule barabarani, toleka ikapita.

Niliisikia kabla ya wote. Besi yangu. Halafu lokole, ya juu, za chini mbili, ya juu.

"Ile!" shangazi akaruka. "Njo ile! Musikie!"

Nilielewa yote mara moja. Lokole inataja watu, kila mtu ana jina lake la ngoma, na mimi nilikuwa nimechukua jina la mtoto wa mtu, nikaliweka kwenye besi, nikalituma mtoni. Papa Lifoli alidhani ndugu zake wanajua. Ndugu zake walidhani yeye anajua. Aliyejua alikuwa mimi, nimejificha nyuma ya mgongo wa Christelle wa darasa letu, naye Christelle alikuwa anaimba wimbo wenyewe kwa chini chini.

Ningeweza kunyamaza. Naandika ukweli: nililifikiria. Binamu wa Kampala angebeba kosa na hakuna mtu angempata.

Lakini yule mzee alikuwa tayari ameanza sala ya wafu.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na sauti ikatoka kali kama ya kuku. Vichwa vyote vikageuka. Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka niliweka simu kwenye mkeka na kuwasha ile rekodi ya kwanza kabisa, ya dirishani, kabla ya besi, kabla ya kukata. Lokole yote, hadi kipande kirefu cha mwisho. Baada yake mtu anakohoa mara mbili, kisha ufagio.

Papa Lifoli aliinama juu ya simu. "Hiyo kikohozi ni yangu."

Nikaeleza. Vibaya, kwa kurudiarudia, lakini nikaeleza.

Kisha yeye akaeleza. Aimé aligombana naye, akapanda mashua ya kwenda Lomami, upande wa Opala. Tangu hapo simu yake haipatikani. Basi kila siku, watoto wa shule wakienda, baba anamwita. Jina lake, la baba, la babu. Na mwisho, kile kipande kirefu, ni maneno ambayo mama yake alikuwa akiomba yapigwe Aimé alipokuwa mdogo na amezidi kucheza mtoni: rudi, chakula kiko.

Nilikuwa nimekata chakula. Nikaacha jina peke yake linaning'inia, na siku hizi, wanasema, jina likipigwa peke yake mjini ni la maiti.

Shangazi alikuja mpaka usoni pangu. "Weye mutoto wa Banande! Machozi yangu ya siku mbili, nani atarudisha?" Nilidhani atanipiga. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka, akacheka, akakaa chini akicheka na kushika kifua, na wanawake wote wakaanza. Mmoja akasema wali umekwisha kuiva, sasa chakula kile ni cha nani? Mwingine akasema, "Cha Aimé, tumukulie." Wakala.

Papa Lifoli hakucheka. Aliomba kusikia rimiksi yote. Nikamwekea. Alisikiliza kama daktari. Halafu akasema jambo moja tu: "Sasa pale Lomami, kama anasikia hii, anafikiri baba yake amemuzika."

Jumapili, 10 mwezi wa kumi na moja

Papa na Mama wamejua. Kisangani ni kubwa lakini si kwa habari.

Papa aliniita dukani. Nikategemea atachukua simu. Aliuliza, "Donc, internet yangu unaitumikisha kuua batu?" Akauliza kama kweli ile ngoma ya toleka niliitengeneza mimi, mwenyewe, juu ya kitanda. Nikasema ndiyo. Akapanga maharagwe kidogo kwa kidole. Akasema, "Basi tengeneza ingine inayofufua." Akarudi nyuma kwenye magunia.

Sijalala vizuri. Kama yuko hai, amesikia nini?

Jumatatu, 11 mwezi wa kumi na moja

Nilimwambia Trésor. Nilijizoeza njia nzima na bado nikalisema kama mtu anayetapika: hakuna binamu, hajawahi kuwapo, miksi zote nilizitafuta mimi, na ile niliitengeneza mimi.

Mteja alinyoosha simu, Trésor hakuiona.

"Na mimi nilisha kuahidi yaya, dada yangu mukubwa, binamu yako atakuya kupiga muziki kwenye ndoa yake."

Nikasema pole.

"Pole ya nini? Utakuya weye." Kisha akawa mzito. Akataka kujua habari ya matanga yote. Nilipomaliza alifuta ile ya zamani kwenye kompyuta yake mbele yangu. Lakini tulijua wote wawili kwamba haisaidii. Iko kwenye simu za watu hadi Isangi na kupita. Wimbo ukishapanda mashua, haushuki kwa kuitwa.

Njia ni kutuma mwingine. Ulio bora kuliko wa kwanza, la sivyo hakuna atakayebadilisha.

Jumatano, 13 mwezi wa kumi na moja

Leo nilimwomba. "Papa Lifoli, ninaomba nirekodi." Sentensi fupi. Nilikuwa na jasho kama nimebeba gunia.

Akasema, "Karibia. Dirishani unasikia nusu tu." Akaniweka karibu kabisa, akanionyesha mdomo wa gogo: upande huu ni wa kiume, upande huu wa kike. Alipiga yote, polepole, halafu akaongeza maneno mapya: baba yako ndiye anayepiga. Ili Aimé ajue ni nani.

Sasa kipande ni kirefu zaidi. Nimejaribu jioni nzima. Nikikiharakisha, kinakuwa si maneno. Nikikata, tumerudi kule kule. Nilitaka kutupa simu.

Jumamosi, 16 mwezi wa kumi na moja

Nimepata.

Nimesimamisha kila kitu. Besi inazunguka na jina, inazunguka na jina, watu wanacheza, halafu ghafla hakuna besi, hakuna mchanga. Lokole peke yake, inasema maneno yake yote kwa mwendo wake wenyewe, hata ikichukua muda gani. Unabaki na mguu hewani. Neno la mwisho likiisha, besi inarudi na nguvu yote.

Trésor alisikia akapiga meza. Akasema pale pa kunyamaza ndipo watu watapiga kelele. Aliandika kwenye kibao mbele ya kibanda: mwenye SAA YA KUTOKA ya zamani alete, nabadilisha bure. Wenye mashua tunawajazia wa kwanza, hasa wa Isangi na wanaopanda Lomami. Aliniuliza aandike jina gani kwenye faili.

Nikasema: Papa Lifoli na Masika. Akaongeza namba ya simu ya kibanda.

Papa Lifoli naye alikuja kusikiliza, na kofia yake ya kanisani. Palipokuwa kimya, kidole chake kilipiga pembeni mwa kaunta pamoja na lokole. Alipovua kaske alisema, "Sasa inasema."

Jumapili, 24 mwezi wa kumi na moja

Toleka zote zina mpya. Jana, kwenye harusi ya dada yake Trésor, ilikuwa kama alivyosema: besi iliponyamaza watu walipiga kelele, na bibi mmoja wa mtoni aliyekuwa amekaa akaitikia lokole kwa mdomo, neno kwa neno. Nilikuwa nyuma ya spika. Hakuna aliyeniona na nilikuwa na furaha sana.

Kutoka Lomami, hakuna kitu.

Wengine sasa wanamwambia Papa Lifoli asitegemee sana. Labda matanga yalitangulia tu. Nilimsikia mwalimu mmoja akisema hivyo, kwa upole, na nikamchukia. Kisha usiku nikawaza vile vile.

Papa Lifoli amerudi kupiga mchana, shule ikiisha. Sasa wanafunzi wanabaki kusikiliza. Anawafukuza na ufagio. Wanarudi.

Jumanne, 3 mwezi wa kumi na mbili

Asubuhi Trésor alikuja mpaka langoni kwa baiskeli, bila kunawa uso. Kuna ujumbe wa sauti umeingia kwenye simu ya kibanda, namba hatuijui. Mwenye namba ameandika tu kwamba yeye ni mwenye mashua, ametoka Opala, na kuna kijana kule amemwomba autume akifika penye mtandao.

Niliusikiliza. Hakuna mtu anayesema. Ni mapigo, kwenye bidon, yaani dumu, au ubao. Nene, nyembamba, nyembamba. Sikuelewa hata moja.

Papa Lifoli alikuwa anafagia majani. Nikampa simu. Aliishika kwenye sikio, akaniambia nirudie. Nikarudia. Ufagio aliuegemeza ukutani, ukaanguka, hakuuokota.

"Ni yeye," akasema. "Anapiga vibaya. Tangu mudogo anapiga vibaya."

Nikauliza anasema nini.

Aliangalia upande wa mto, ingawa kutoka pale hauonekani.

"Anauliza, chakula gani?"

Alikwenda kwenye lokole. Saa ya kuingia ilikuwa bado. Niliomba ruhusa ya kurekodi, akaitika kwa kichwa. Akapiga jibu, refu, na safari hii hakunitafsiria. Nikalituma kwa ile namba kama lilivyo, na Trésor akapanda baiskeli kwenda bandarini kumtafuta anayerudi Opala. Wanafunzi walikuwa wameanza kujipanga, wakidhani ni saa. Niliokota ufagio, nikauweka kando ya lango, nikaingia kwenye mstari wa darasa langu. Tulikuwa na kemia.